Des Moines, Anakokaa Mama Mdogo

Ilianza Jumamosi ya pili ya Desemba 1998, saa nne asubuhi, katika duka la makoti kwenye barabara ya Zhanxi. Nilikuwa nimefunga shule, kidato cha pili, nikamfuata Mama kutoka Nairobi kuja kununua mali. Kazi yangu ilikuwa kushika mifuko na kunyamaza, na yote mawili nayaweza.

Mama ana sheria yake ya dukani: usioneshe kwamba unataka kitu. Ukilitazama koti mara mbili, laobani, yaani mwenye duka kwa Kichina, ameshakuona, na bei haishuki tena. Mimi hata nikiwa na kiu humo ndani nasema sina.

Laobani alipokuwa anabonyeza kikokotoo chake, Mama akamweleza jirani yetu wa hotelini, mama mmoja wa Lubumbashi anayenunua viatu, kwamba mdogo wake aliyeko Amerika anataka kunichukua nikasome huko. Mji akautaja jinsi unavyoandikwa, hakuacha herufi: "Desi Moinesi."

Mama wa Lubumbashi akacheka mpaka akashika meza. "Dada, umeliua. Hilo jina ni Kifaransa. De Mwan. Ni kusema 'ya watawa', wale wa dini wanaojitenga na watu."

"Mdogo wangu husema Di Moin, na yeye ndiye anakaa huko."

"Basi na Waamerika wameliua. Kila mtu na kisu chake."

Mpaka siku hiyo, nikiuwaza mji huo nilikuwa naona baridi tu. Sasa nikaona watu wanakula kimya, hakuna anayekuuliza mbona huongei. Najua ni upuuzi. Mama mdogo aliwahi kuniambia kwamba hajakutana na mtawa hata mmoja, na kwamba wengine hukataa kabisa habari hiyo ya watawa. Wanasema Wafaransa walisikia jina la wenyeji wa pale mtoni, wakaliandika walivyoweza. Kwa hiyo huenda kila mtu amelikosea, tangu wa kwanza, na mji unaitika tu. Shuleni mwalimu wetu mmoja hulitamka jina langu vibaya na mimi naona haya kumsahihisha. Nikawaza kwamba mahali kama hapo labda na mimi ningeenea. Nilitaka kwenda.

"Na weye, mutoto," mama wa Lubumbashi akaniuliza, "unapenda kwenda?"

Laobani alikuwa ananitazama. Mama alikuwa na koti mkononi. Nikajibu nilivyofunzwa.

"Si sana."

Mama akalirudisha koti, tukatoka, laobani akatuita tukiwa mlangoni, bei ikashuka.

Usiku mama mdogo akapiga simu hotelini. Nikamsikia Mama: "Hataki. Amesema mwenyewe, mbele ya watu. Sitamlazimisha mtoto. Mchukue yule wa kaka, yeye anakuomba kila siku."

Nilikuwa nimekaa kitanda cha pili. Ningeweza hata kuinua mkono tu. Nikajiambia labda ndivyo ilivyopangwa, kisha nikaona hayo ni maneno ya mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza.

Asubuhi Mama akiwa anavaa viatu vya kwenda kanisani, nikasema, "Mama, nataka kwenda kwa mama mdogo."

"Si ulisema si sana?"

"Tulikuwa dukani, Mama."

Akanitazama, kiatu kimoja bado kiko mkononi. "Ulikuwa unapatana bei na mimi?" Akakivaa kile kiatu. "Basi mpigie mwenyewe. Mimi la kwangu nimeshalisema."

Kwao ilikuwa bado jioni ya Jumamosi. Nikashuka mapokezi, nikampa dada wa pale namba, nikaungojea mlio. Mama mdogo akapokea, nikamwambia.

"Nani? Ongea, mwanangu, sikusikii. Kaka sijampigia bado."

Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri lifti. Nikasema tena, kwa sauti ya kutosha.