Bei ya Mwisho ya Muzee

Miaka mingi nilifundisha biashara ku sekondari hapa Beni, na kila mwaka niliandika ku tableau ya darasa maneno ile ile: mununuzi anatafuta bei ya chini. Batoto baliikopia, balijibu vile ku examen, bakapita. Na miye niliamini. Sasa niko pensionné, kazi nilishaacha, niko peke yangu mu nyumba ya vyumba ine ku mutaa wa Beu, na naona ile tableau ilisema nusu tu.

Tangu mama ya batoto bangu alikufa, mudomo wangu unaweza kufungwa toka chai ya asubuhi mpaka chakula ya jioni. Ni vibaya sana, sitaficha. Radio inasema, lakini haikuulize kitu. Njo maana nilianza kwenda ku soko kila asubuhi kununua maharagi, miye mutu wa sahani moya.

Kulikuwa mama moya muuzishaji, meza yake karibu na muingilio. Nilikuwa naacha bengine benye bei nafuu, naenda moya kwa moya kwake, juu yeye njo alijua kubishana.

"Kipimo elfu sita, Papa."

"Elfu sita? Haya maharagi ilipanda ndege?"

"Ilitoka Luofu, na ile barabara unaijua. Leta tano na nusu."

"Tatu."

"Papa, unataka batoto bangu balale njaa?"

Mutego wake niliujua vizuri. Mutu akisikia sita kwanza, ine inamuonekania zawadi. Niliujua, na bado nilitoka pale na furaha ya mutu mwenye kushinda. Na kama alinitupia matabishi, mukono moya ya maharagi juu ya kipimo kwa bure, nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Ku jikoni gunia ilikuwa karibu kujaa, badudu balishaanza kula. Sikujali. Nilikuwa nalipa juu ya kusemeshwa, na kwa ile bei haikuwa ghali.

Mutoto wangu wa kwanza iko na magasin Butembo. Bei yote imebandikwa ku karatasi. Nilikaa kule juma moya: batu baliingia, baliangalia karatasi, balilipa, balitoka. Nilimuambia ile ni duka ya mabubu. Akacheka, akasema, "Papa, batu hawana wakati ya kupoteza." Alitaka nihamie kwake. Nilikataa, nikasema nyumba haiachwe hivi hivi. Sikumuambia kama ni juu ya mama wa maharagi. Angesema kichwa yangu imeanza kupotea.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akaona lile gunia. Akaniuliza nanunua wapi, nikamuelekeza. Kesho yake, mbele ya kurudi Butembo, akapita ku soko. Miye sikujua.

Nilipofika, yule mama akasimama. Hakuwa anasimama kwa ajili yangu hata siku moya. Akapangusa mikono ku kikwembe alijifunga kiunoni.

"Papa, mutoto wako alifika hapa. Mutoto muzuri kabisa. Alisema niache kukuchokesha na mambo ya bei, umeshazeeka. Basi kwako ni elfu tatu, kila siku. Njo bei ya mwisho."

Elfu tatu. Miezi yote ile sikuwahi kumufikisha pale.

"Hapana," nikasema. "Ni ghali."

Nilingojea anitukane kidogo, aniulize kama nataka kumufilisisha. Akaniangalia kwa huruma. Akapima, akafunga mufuko, akaniwekea mu mukono.

"Basi Papa, ya leo chukua bure."

Nikaweka elfu tatu yake ku meza. Mama mungine akafika nyuma yangu, akauliza kipimo ni ngapi.

"Elfu sita."

"Sita? Weye uko muzima kweli?"

Bakaanza kubishana. Nilisogea pembeni na mufuko wangu, nikabasikiliza, mpaka yule muuzishaji akageuka, akaniuliza pole pole kama kuna kitu nilisahau.