Golikipa Mwenye Hasira na Mngoni wa Ruangwa

Mimi nina hasira. Naanza na hilo kwa sababu msimu wetu wote, ule wa kwanza kabisa wa mpira wa wanawake pale chuoni, ulining'inia kwenye hasira zangu, na golikipa nilikuwa mimi.

Tulikuwa chuo kidogo cha uuguzi, Nachingwea, ukuta kwa ukuta na hospitali ya misheni. Wanawake kucheza mpira lilikuwa jambo jipya kwetu. Sheria tulizisoma kwenye simu, kila mtu na tafsiri yake. Kocha alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Jezi hatukuwa nazo, tukavaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji zilizochakaa, namba tukabandika kwa plasta. Plasta na jasho havipatani. Kufika mapumziko, namba zilikuwa zimetapakaa uwanja mzima na tisa yetu ilikuwa imeganda kwenye paja la beki wa wenzetu.

Na huo uuguzi wenyewe ulituponza. Mechi ya kwanza tulicheza Mandawa. Mshambuliaji wao mmoja akaanguka, akashika goti. Mabeki wangu wote wanne waliacha mpira wakamkimbilia, huyu anamuuliza maumivu yalianza lini, yule ameshamwinua mguu. Refa hakuwa amepuliza chochote. Mwenzake akauchukua mpira, akaja nao taratibu hadi kwangu, akanifunga huku akinionea huruma. Tulikufa tisa bila. Bao la tisa mfungaji alinikanyaga vidole, nami nikainuka nikamtandika ngumi ya bega. Ikawa vurugu. Waliopigana ni wachache, waliotoa huduma ya kwanza ni wengi.

Mkuu wa chuo alikuwa sista, mfupi, asiyepandisha sauti hata siku moja. Akaniita ofisini, timu nzima ikaja nyuma yangu.

"Nawafundisha kushona watu," akasema, "ninyi mnakwenda kuwachana. Ngumi moja tena na timu imekufa. Viatu vyote nampa paroko agawe."

"Ndiyo, Sista," tukajibu.

Tulipotoka nje hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wanaupenda ule mpira, jamani! Tulikuwa watu wa kukariri majina ya mifupa kutwa, na sasa tulikuwa na Jumamosi. Nami niliupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Ukawa umewekwa mikononi mwangu, na mikono yangu naijua.

Chunyu wakatufunga sita. Akina dada wa machimboni Namungo wakatufunga nne. "Tunapungua!" kocha alishangilia, na njia nzima tukaimba nyuma ya gari kama waliobeba kombe. Nikikanyagwa, nilishika mkono wangu mwenyewe nikahesabu mapigo ya moyo kama tulivyofundishwa, mpaka yashuke. Mara moja yaligoma kushuka, mabeki wakaja wakanikalia.

Mechi ya mwisho ilikuwa Ruangwa, na Sista akaja. Hakuwa amewahi kuja hata mechi moja. Akaletewa kiti cha plastiki akakiweka nyuma ya goli langu, akakunja mikono.

Mshambuliaji wao alikuwa mama muuza samaki wakavu sokoni, mnene, mwepesi, mdomo haufungi. Kabla hata mpira haujaanza akanifuata.

"Oya, golikipa, kabila gani wewe?"

"Mmwera."

"Wee! Mtani wangu! Mimi Mngoni. Babu zangu waliwafukuza nyinyi mpaka mkalala juu ya miti. Leo utalala wapi?"

Mtani ana haki ya kukutukana, kukuchukulia kitu chako, hata kuja msibani kwako kuigiza ulivyokuwa ukitembea, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Yule mama akaitumia haki yake yote. Alikunywa maji yangu. Alinivuta soksi wakati wa kona. Kila nikitaka kuchemka nakumbuka utani, na kila nikikumbuka utani nageuka namwona Sista.

Kisha tukafunga! Winga wetu, binti wa wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, alikimbia kama anayewahi dume lililoingia shamba la watu, akapiga kwa ugoko, ukaingia. Bao letu la kwanza la msimu. Tulishangilia muda mrefu mno, na tulipomaliza tukakuta wenzetu wamesharudisha. Ikawa moja kwa moja.

Dakika ya mwisho beki wangu akaushika mpira kwa mkono. Penalti, na mpigaji ni mtani.

Alipiga kwa nguvu zake zote, ukanipata puani, ukapaa juu ya mwamba. Nikaanguka chali. Damu mdomoni, machozi, na hasira ikapanda yote kwa pamoja, tangu vidole vya Mandawa mpaka soksi. Nikainuka na ngumi imeshakunjwa. Nyuma yangu nikasikia kiti cha plastiki kikisukumwa.

Mtani alikuwa amekaa chini mbele yangu, amejitanda kanga aliyomnyang'anya mtazamaji, analia msiba.

"Uwiii! Mmwera wangu kafa! Kafa hajaolewa! Pua alikuwa nayo moja tu, nayo kaiacha hapa Ruangwa!" Akainuka, akashika kiuno, akaigiza sauti yangu: "Mabeki! Mabeki mnaniua!"

Sauti ilikuwa yangu kabisa. Nilicheka mpaka pua ikaniuma upya, ngumi ikafunguka yenyewe. Mabeki walinifikia na pamba wakanikuta nimemkumbatia. Refa akapuliza, mpira umekwisha, pointi yetu ya kwanza.

Sista akaingia uwanjani, ameshika viatu vyake mkononi, mchanga ulikuwa mwingi. Akamtazama yule mama.

"Mngoni wa wapi wewe?"

"Namtumbo, Sista."

"Mimi Songea."

Tukatazamana. Masista huitwa kwa majina ya watakatifu, kabila lao hulioni, na nani angethubutu kumuuliza? Mwaka mzima nilikuwa nikitetemeka mbele ya mtani wangu.

Akanifuta damu kidevuni kwa ncha ya shela lake jeupe.

"Jumatatu mazoezi, saa kumi," akasema. "Ukichelewa, Mmwera we, nakuja kwenu nakula kuku wote."

Sikuwa nimewahi kumjibu Mkuu wa chuo neno lolote zaidi ya ndiyo Sista. Pamba puani, timu nzima imenikodolea macho.

"Njoo tu, Mngoni," nikamwambia. "Tutakulaza juu ya mti."