Matone Matatu Kwenye Maji ya Susu

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sijawahi kusisimka darasani kama nilivyosisimka Agosti iliyopita nyumbani kwa susu, nyanya yangu wa Ikutha.

Akina mama wa kanisa, waliozoea maji ya mto, walikuja kwake kwa maombi wakanywa maji ya kisima chake kipya. Kufikia jioni nusu yao walikuwa wanakimbizana na choo. Wakasema kisima ni kichafu, na susu akaondolewa kwenye zamu ya kupokea wageni. Mwanamke anayesugua sufuria mpaka unajiona ndani! Akaanza kuchemsha, lakini hata wageni wachache waliomtembelea wakaendesha vilevile. Alinipigia simu akilia, nami nikakasirika vibaya.

Niliomba kichupa cha kloridi ya bariamu maabara. Ni sumu, nilikibeba kama yai. Lakini bariamu ina maajabu yake: ikikutana na salfeti, ile chumvi ya ardhini inayoharisha tumbo lisiloizoea, huing'ang'ania hadi vyote viwe unga mweupe usioyeyuka. Unga wa aina hiyo, ukiwa safi, hauna sumu tena. Hospitalini wagonjwa huunywa kabla ya kupigwa eksirei.

Akina mama walikuja shingo upande. Nikapanga glasi tatu: maji ya mto, ya susu yaliyochemshwa, na ya mama mwenyekiti wao, ambaye pia ana kisima lakini zamu yake ilikuwa haijafika. Nikatia asidi kidogo ili chumvi nyingine zisilete weupe, kisha matone matatu ya bariamu.

Ya mto yakabaki maangavu. Ya susu yakawa meupe kama maziwa.

"Uchafu si ndio huo!" mwenyekiti akasema.

"Umeniaibisha, mwanangu," susu akaninong'oneza.

Nikatia kwenye glasi ya tatu. Weupe ukatanda, mzito kuliko wa susu! Nilipiga kelele kama mtoto. Nikawaeleza kwamba hii ni chumvi ya mwamba, si uchafu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye kisima haimsumbui kwa sababu tumbo lake limeshaizoea.

Mwenyekiti akaketi. "Kumbe ndio maana wakwe zangu hawamalizangi siku mbili kwangu."

Wote wakacheka, isipokuwa susu. Alisimama, akakaza leso yake kiunoni, akanishika mkono.

"Rudia tena," akasema. "Polepole. Wale wa nyuma hawakuona."