Upande wa Pili wa Karatasi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Saint Paul. Mbele yangu alisimama mwanamume mmoja na binti yake wa miaka kama kumi. Mfamasia alikuwa akieleza, na binti akimgeuzia baba yake maneno kwa Kiswahili chetu cha Kongo, haraka haraka, kama mtu aliyeizoea kazi. Mfamasia alisema dawa hiyo isichanganywe na pombe, na mgonjwa asiendeshe gari kwa siku tatu. Binti akasema, "Usikunywe pombe, papa." Ya gari akaiacha. Nikaelewa papo hapo: kulikuwa na mahali alitaka kupelekwa. Nikamwamkia baba na kummalizia sentensi. Binti akanikata jicho, na wala sikumlaumu. Yeye aliruka sentensi moja tu. Mimi, rafiki yangu, niliwahi kuruka ukurasa mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na huo ulikuwa mwaka wetu wa tatu Marekani. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla majina yetu hayajaitwa kuja huku. Tuliishi ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo bomba zake za joto ziligonga kama kuna mtu amefungiwa ndani ya ukuta. Jumamosi mama alipika sombe, kisamvu chetu, kwa dagaa wa ndakala, madirisha yakaloa mvuke, na mimi nikachora juu yake kwa kidole. Siku nyingine alipanda mabasi mawili kwenda Richfield, kwenye hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege, akatandike vitanda vya watu waliokuwa wakipita tu.

Mama alikuwa na Kibembe, Kiswahili na Kifaransa kidogo cha shule ya msingi. Kiingereza kilikuwa changu. Nilikisema kliniki, nilikisema kwa mwenye nyumba, nilikisema kwenye simu nikijifanya sauti nzito ili nisidhaniwe mtoto. Jioni mama alizipanga barua zote juu ya meza ya jikoni, akafuta mikono kwa kitenge, akakaa karibu nami na kuuliza, "Wanasema nini?" Nami nilisoma kimya kwanza, mstari kwa mstari, na yeye hakusogea mpaka nimalize. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba Mungu alimnyima ulimi wa nchi hii, ila akamjalia mtoto aliye nao. Nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo.

Karatasi ya safari ilikuja katikati ya baridi. Darasa letu zima lilikuwa linakwenda kuski, kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, kwenye milima ya kaskazini, karibu na lile ziwa kubwa. Niliisoma ndani ya basi la shule, pande zote mbili. Upande wa kwanza ulikuwa mzuri: saa ya kuondoka, nguo za kuvaa, chakula. Upande wa pili ulikuwa na maandishi madogo. Ulisema mchezo huu una hatari, kwamba mtoto anaweza kuvunjika mifupa, kuumia kichwa, hata kufa, na kwamba mzazi akitia sahihi amekubali anayajua hayo.

Nilimjua mama. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akinishika mkono kuvuka barabara isiyo na gari. Akiambiwa neno "kufa" karatasini, hata kama limeandikwa dogo kama siafu, mambo yangeishia pale mezani.

"Wanasema nini?" aliuliza jioni ile.

"Tunaenda kuangalia milima yenye theluji. Ni somo. Tutatembea kidogo."

"Milima?" Uso wake ulifunguka. Alizaliwa milimani, juu ya Fizi, kule Kongo. Alikuwa akisimulia kwamba kwao ukitaka kuona kilele, kilemba chako lazima kianguke. Akaigeuza karatasi. "Na huku nyuma?"

Barua nyingi za shule zilikuja na upande wa pili kwa lugha nyingine, Kihmong, Kisomali, Kihispania. Kiswahili ndicho hakikuwepo. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Ni yale yale, mama. Kwa Kihispania."

"Nisinye wapi?" Kutia sahihi, kwa Kifaransa chake.

Nikamwonyesha kwa kidole. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kambini, kisha akalipuliza likauke.

Maandalizi yalichukua wiki mbili, nami ninazikumbuka kwa furaha, nikubali nisikubali. Mwalimu wetu wa mazoezi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alibandika utepe kwenye sakafu ya ukumbi, akatupanga mistari. "Pizza!" alipiga kelele, nasi tukakutanisha ncha za viatu mbele kama kipande cha pizza, hivyo ndivyo mtu anavyojisimamisha. "Chipsi!" tukanyoosha miguu sambamba, hivyo ndivyo mtu anavyokwenda. Rafiki yangu wa dawati, msichana Mhmong ambaye wazazi wake walitoka Asia, asiyeogopa kitu, alifanya mazoezi nami nyuma ya jengo letu, kwenye rundo la theluji iliyosukumwa na gari kutoka maegesho. Tuliteleza tukiwa tumesimama juu ya maboksi mpaka maboksi yakawa uji.

Nguo zilitoka kwa jirani wa mlango wa pili, Mkenya, muuguzi hospitalini. Alikuja na mfuko mkubwa wa nguo za binti yake aliyekua. Suruali ya theluji, glavu, miwani mipana. Mama alikuwa jikoni.

"Skiza," jirani aliniambia huku akinipima suruali. "Usivae cotton, please. Cotton ikishika maji uta-freeze kama samaki. Vaa sufu ndani." Kisha akashusha sauti. "Na mama anajua ni ku-ski?"

"Ndiyo, anti."

Alinitazama kidogo, akavuta zipu. Mama akaja na chai, akaiona suruali inavyonipwaya, akaleta sindano. Aliipunguza kiunoni kwa kipande cha kitenge cha njano, mishono midogo midogo, ili mtoto wake asiingiwe na baridi akiangalia milima.

Asubuhi ya safari alinipeleka mwenyewe hadi shuleni kabla hajakimbilia basi lake. Alinipa mikate ya mafuta kwenye kopo, na mayai manne, mawili yangu na mawili ya mwalimu. Mbele ya basi, watoto wote wakitazama, aliniwekea mkono kichwani. "Mungu, umusindikize mutoto wangu, anaenda kuangalia milima. Umurudishe muzima." Nilisema amina nikitazama viatu. Hapo ndipo uongo ulipoanza kuwa na uzito. Lakini basi lilikuwa linanguruma, rafiki yangu alikuwa amenishikia kiti, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Tulipofika, mwalimu alitangaza kwamba tumefika mlimani. Nikautafuta mlima. Nilichokiona ni kilima kirefu cheupe chenye misonobari pembeni, na viti vikining'inia kwenye kamba ya chuma, vikipandisha watu. Mama angecheka. Ila nilipofungwa zile mbao miguuni na kusimama juu, kilima kile kilinitosha.

Sasa nikuambie ukweli, na sitajifanya mnyonge: niliuweza. Mara ya kwanza nilianguka mara tatu, mara ya pili mara moja. Kufikia mchana nilikuwa nashuka nikikata kulia na kushoto, hewa ikiniuma meno, mbao zikitoa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Katika nchi hii nilikuwa nimejifunza kufanya kila kitu kwa tahadhari. Pale, kwa mara ya kwanza, nilikwenda mbio bila kukimbia kitu chochote. Mwalimu alinipigia makofi. Rafiki yangu akanivuta kwenye njia ya juu zaidi, nami sikusita.

Nilishika kasi iliyonizidi. Nikaita pizza, miguu ikakataa, ubavu wa njia ukaja, nikatanguliza mkono. Nilisikia mlio mdogo kabla sijasikia maumivu.

Katika chumba cha huduma ya kwanza palikuwa na harufu ya glavu zilizolowa na chokoleti ya moto. Mwanamke mwenye koti jekundu alinifunga mkono kwenye ubao, akasema inaonekana mfupa umevunjika karibu na kifundo, na ni lazima wazungumze na mzazi. Wakampigia mama kazini. Mama akasema tu, "No English, no English," na sauti yake ikaanza kupanda. Walitafuta mkalimani wa simu. Wa Kiswahili hakupatikana. Basi mwalimu akaiweka simu mezani, yenye sauti wazi, akaniambia kwa upole, "Wewe unaweza. Mwambie mama yako kilichotokea."

"Nani? Mutoto wangu iko wapi?" Nyuma yake niliisikia mashine ya kufyonza vumbi.

Ningeweza kusema niliteleza mlangoni. Hakuna mtu pale angejua. Kiswahili kilikuwa changu peke yangu chumba kizima. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilisikia mashine ile ikizimwa, na mama akipumua, akisubiri, kama alivyosubiri mezani.

"Mama, ni mimi. Nimevunjika mkono. Hatukuja kuangalia. Tumekuja kuteleza kutoka juu kwa mbao. Ni mchezo."

Nilisikia kitanda kikilia, amekaa.

"Umuulize mwalimu," akasema. "Kwa ile karatasi, waliandika kama mutoto anaweza kuvunjika?"

Nikageuka kwa mwalimu, nikauliza kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mwalimu alishangaa. Akasema ndiyo, yote yaliandikwa upande wa pili, na mama alitia sahihi. Kisha wote wakanitazama, wakingoja nitafsiri.

"Anasema ndiyo, mama. Iliandikwa upande wa pili."

"Ile ya Kihispania," mama akasema.

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Uwaambie nimekubali, watengeneze mukono," akasema. "Niko nakuja."

Alikuja na jirani hadi hospitali nilikopelekwa, saa mbili na nusu za barabara yenye theluji, jirani akiapa kwamba hajawahi ku-drive hivyo maishani. Mama alikuwa bado na sare ya hoteli ndani ya koti. Alinishika kichwa, akanibusu, akanikagua vidole vyote. Mhudumu alipoleta karatasi za hospitali, nilinyoosha mkono mzima kuzipokea kama kawaida. Mama akazichukua kabla yangu, akampa jirani. "Dada, nisomee. Pande zote mbili."

Tukiwa garini kurudi ndipo alipoongea nami, akitazama mbele.

"Sijakasirika kwa sababu ya mukono. Mukono utapona. Lakini mimi niko naona kwa macho yako. Ukinifunga macho, nitatembea namna gani?"

Jirani aliwasha kiashiria, akapinda. Nilisema tu, "Nisamehe, mama," na yeye akajibu, "Nimesamehe." Ilikuwa kweli. Lakini kusamehe hakukurudisha mambo mahali pake.

Tangu siku hiyo barua hazikupangwa mezani. Mama alizichukua kwenye mfuko, akazipeleka mlango wa pili. Nilizisikia sauti zao ukutani, jirani akisoma, mama akiuliza. Mkono ulitoka kwenye plasta, na bado meza ilikuwa tupu. Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama ile meza. Kisha mama akajiandikisha darasa la Kiingereza kwenye chumba cha chini cha kanisa, baada ya kazi, na macho mekundu. Alibandika maneno kwenye jokofu, kwenye mlango, kwenye kioo. Nikimsahihisha matamshi, alitikisa kichwa: "Acha nikosee mwenyewe."

Baridi iliyofuata, karatasi ya kuski ilikuja tena. Niliiacha juu ya meza bila kusema kitu, nikaenda kukaa kitandani. Aliniita. Alikuwa ameigeuza upande wa pili na ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma kwa sauti, kila neno kwa jasho lake, akiruka juu ya magumu na kurudi kuyapanda. Akafika kwenye neno moja, akakwama.

"Hii ni nini?"

"Kifo, mama."

Alilirudia kwa Kiingereza, mara mbili. Nilikuwa tayari kusikia hapana, na nilijua nitaikubali. Akachukua kalamu.

"Uende," akasema, akiandika jina lake, haraka kuliko zamani. "Ukianguka, unipigie wewe mwenyewe. Sitaki kusikia kwa mutu mwingine."

Nilikwenda. Sikuanguka hata mara moja, na hilo nililipigia simu vilevile.

Yote hayo yamepita. Jengo lilipakwa rangi, likapandishwa kodi, na sisi wote tukatawanyika. Jirani alihamia Texas kumfuata binti yake. Rafiki yangu wa dawati ni mama wa watoto wawili. Mama anaishi Richfield, na hospitali ikimpigia kumuuliza kama atahitaji mkalimani, anajibu kwa Kiingereza chake kwamba hapana, asante, na anakata simu kabla hawajamaliza kushangaa. Aliipata lugha hiyo kwa shida niliyomsababishia mimi, na ninajivunia kila neno lake. Wala nisingependa arudi kuwa yule wa zamani. Ila jioni nyingine, nikiwa peke yangu na barua zangu, nazisoma kimya mpaka mwisho, na naona kitu kinakosekana. Hakuna tena mtu anayesubiri nimalize kusoma ndipo apumue.