Aliyekaa Ukingoni Akavua Raba

Katika karakana moja ya kushona sare za shule alikuwepo mwanamke tuliyezoea kumwita Mama Mbio. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi, kusimama kutwa nzima mezani na mvuke usoni. Mwenye karakana alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na jina la Mkasi alipewa na mafundi wake mwenyewe, si kwa sababu ya vitambaa peke yake. Waliishi nyumba moja, wakapakua chungu kimoja, na hawakupendana hata kidogo. Sisengenyi mtu, wenyewe hawakuficha.

Mbio alizianza baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa mwisho. Alisema akikimbia hakuna anayemwita. Alfajiri, watu wakiwa bado kwenye sala, yeye keshamaliza yake na yuko barabarani.

"Mwanamke mzima unatimka na kaptula kama mwizi," Mkasi alimwambia mbele ya mafundi.

"Mwizi anafukuzwa, wifi. Mimi nani ananifukuza?"

"Utafukuzwa. Ngoja mdogo wangu arudi safari."

Mdogo wake, yaani mume, alikuwa dereva wa lori, mtu mpole anayependa nyumba yenye ukimya, ila ukimya hakuupata. Mkewe alikuwa ameshaingia mara mbili nusu marathoni ya mji, na mara zote mbili alirudishwa na gari la kuokota waliochoka. Mara ya kwanza alinunuliwa raba mpya, naye akazitunza kwenye boksi mpaka siku yenyewe, kama tulivyolelewa wote, kwamba kitu kipya ni cha siku kuu. Raba ngumu zilimla vidole vyote.

Mara ya pili raba zilikuwa zimeshalainika, lakini kisigino kilianza kuwaka moto njiani. Angesimama palepale angepona. Lakini mbele ya karakana alimwona Mkasi na mafundi wamejipanga kumtazama, akaona haya, akaongeza mwendo. Lengelenge likapasuka ndani ya soksi. Jioni akalichuna ngozi yote kwa wembe, akakisugua kidonda kwa chumvi. Baada ya siku chache mguu ulivimba, akaenda zahanati akichechemea.

Nesi wa pale hakuwa na maneno matamu.

"Nani kakutuma uchune? Ile ngozi ndiyo kifuniko chake, Mungu kakuwekea bure, wewe unatupa!"

"Niliona likitoka maji lote litapona haraka, dada."

"Likiwa dogo unaliacha lilivyo, unalifunika tu. Likiwa kubwa linakuzuia kutembea, unanawa mikono, unaliosha kwa sabuni, unalitoboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yanatoka, ngozi inabaki. Unapaka dawa, unafunga. Ukiona usaha au wekundu unapanda, unakuja hapa, huendi jikoni kutafuta chumvi. Una kisukari?"

"Sina."

"Shukuru. Mwenye kisukari haguswi lengelenge nyumbani. Na hizi soksi za pamba zinanyonya jasho na kukaa nalo. Mguu mbichi ndio unaochubuka. Haya, nyanyuka, wenzako wanangoja."

Alitoka pale analia, lakini kila neno aliondoka nalo.

Yalipokaribia mashindano ya mwaka wa tatu, mume alichoka na kelele. Aliwakalisha wote wawili sebuleni. "Mke wangu, ukirudishwa tena na lile gari, raba nazigawa na habari imekwisha. Dada, akimaliza kwa miguu yake, sitaki nisikie tena unamsema mbio."

"Nimekubali," Mkasi alisema, akicheka. "Hizo raba nimeshazipatia mtu."

Basi Mama Mbio akaanza kuutunza mguu kama mtoto mchanga. Raba alizivaa hata akipiga pasi. Kucha alizikata fupi. Alinunua soksi nyembamba zisizo za pamba, za kukimbilia tu, na kila akitoka alipaka vidole mafuta ya mgando.

Asubuhi ya mashindano alizikuta soksi zile kwenye kamba, zimekauka kama mbao. Alipozishika zilisimama zenyewe.

"Nani katia wanga soksi zangu?"

Mkasi alikuwa anakunywa chai. "Jana tulitia wanga kola. Kilichokuwa kwenye ndoo kimetiwa. Mimi sichagui."

"Dada, hata soksi?" mume aliuliza.

"Ningejua ni za malkia ningezifua kwa marashi."

Muda wa kufua na kukausha haukuwepo. Alivaa soksi za pamba za mumewe, pana, akaondoka bila kuaga. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima alimwomba Mungu amwondolee maneno mdomoni.

Na kisigino kikawaka. Kikawaka mahali pabaya kuliko pote, hatua chache kabla ya karakana, na pale nje Mkasi ameshika kiuno, mafundi nyuma yake.

Alipunguza mwendo. Akawatazama. Halafu akakaa ukingoni mwa barabara, miguuni pao kabisa, akaanza kufungua kamba.

"Kakaa!" Mkasi alipiga makofi. "Mmemwona? Mleteeni kiti bibi harusi, kachoka!"

Mafundi walicheka. Yeye alivua raba, akavua soksi iliyojikunja. Palikuwa pekundu, ngozi haijainuka. Akapakausha kwa shati lake, maana plasta haishiki penye mafuta wala jasho. Akatoa mfukoni plasta na kikopo cha mafuta, akaibandika plasta, akailainisha kingo zisijikunje, ndipo akapaka mafuta juu yake.

"Usijisumbue, wifi, gari lako linakuja lile. Panda ukapumzike."

"Sogea kidogo, wifi. Unanikinga mwanga."

Mkasi hakusogea. Mama Mbio akaivuta soksi mpaka ikanyooka, akafunga kamba kwa nguvu ili kisigino kisicheze, akainuka. Wakimbiaji wengi walikuwa wameshampita, hata mzee mmoja mwenye kitambi.

Gari la kuokota lilimfuata nyuma karibu nusu ya njia iliyobaki. Dereva akawa anampigia honi, "Mama, panda bwana, tukale!" Hakugeuka. Alifika mwisho wa mbio watu wanakunja mabango, mumewe peke yake ndiye anayepiga kelele. Mguu wa pili ulikuwa na lengelenge dogo kama harage. Aliliosha, akalifunika, hakulitoboa.

Nyumbani Mkasi alimpokea mlangoni. "Hata kobe anafika."

"Dada," mume alisema, na safari hii hakusema kwa upole, "tumekubaliana nini?"

Mkasi alifunga mdomo, na alipoufunga aliufunga kwelikweli. Habari ya mbio hakuigusa tena, na ya mengine yote pia. Hata salamu hampi.

"Mwambieni huyo wa pasi," huwaambia mafundi, wifi yake akiwa amesimama mbele yake, "kola zimelegea kama masikio ya mbuzi."

"Mwambieni nimesikia," hujibu mwenzake.

Nimeiombea sana nyumba ile na sijakata tamaa, Mungu ana saa yake. Ila ya hawa wawili haijafika. Mama Mbio bado anatoka kila alfajiri, akipita dirisha la wifi yake, nalo husikika likifungwa kwa kishindo.