Nyepesi Kubeba

Juzi nilikuwa kwa duka la baiskeli za mitumba hapa Kitengela, mwalimu mmoja wa Kisaju akaingia. Alitaka baiskeli ya kwenda shule, maana mwalimu mkuu alikuwa amemwonya mara mbili kwa kuchelewa. Jumapili angetembea nayo na binti yake.

Muuzaji alishusha baiskeli moja yenye matairi membamba, akaiinua kwa vidole viwili. "Madam, hii ni nyepesi sana."

Mwalimu akaangalia nje. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kwa ule udongo wetu mweusi. "Endesha wewe kwanza, mpaka kwa lile kanisa."

Muuzaji hakufika. Tope lilijaa chini ya madigadi, magurudumu yakakataa kuzunguka. Alirudi ameibeba begani.

"Si umeona vile ni nyepesi?" akasema.

"Nimeona. Sasa nipe ya kunibeba mimi."

Dukani wengi wetu huwa tunawazia lami, na lami iko mbali na mlango wa nyumbani. Yeye alichagua yenye matairi mapana, bila madigadi. Alipoondoka, tope lilimrukia mgongo wote mpaka kwa kitambaa cha kichwa, lakini kanisa alilipita akiendesha.