Majina ya Kanga Niliyomtungia Shangazi

Ami yangu, mwenye duka la kanga Biashara Street, aliniahidi kwamba programu yangu ikiweza kusoma faili la XML lenye rangi na majina ya kanga zake, kompyuta ya duka ni yangu likizo nzima. Ili kuijaribu, nilitunga faili la mzaha, majina yote yakimsema shangazi Rukia. Siku ya kuonyesha, mimi fundi mkubwa nikasahau kuielekeza programu kwenye faili la kweli.

"Haya baba, tuone hiyo elimu," alisema shangazi, akavuta kiti.

Nikabonyeza kwa maringo. Programu ikasoma bila kuruka hata nukta. Shangazi akavaa miwani.

"Kanga nyekundu," akasoma polepole. "Rukia akija kusalimu, funika sufuria."

Ami akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Na hii ya kijani," shangazi akaniuliza, "mbona Rukia tena?"